Nilifurahi Kusikia Babu Kasiano Amekufa

Wadogo zangu wawili mnaoanza Jumatatu kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, matroni amenipigia simu. Anataka nije niwape nasaha kwa sababu mimi, kwa maneno yake, ni mstaafu mwenye uzoefu. Nina miaka thelathini na mbili. Nilikuwa nanyonyesha wakati ananiambia hivyo, nikacheka mpaka mtoto akaachia ziwa akanitazama usoni. Haya, mstaafu anawaandikia. Kuja siji. Nikikanyaga ile korido nitapiga kelele, na kelele hospitalini si adabu.

Nianze na hasira niimalize, halafu tucheke. Miaka tisa niliomba mtu wa pili wa kunisaidia. Nafasi hakuna, Leokadia. Vumilia, Leokadia. Kazi hii ni wito. Nimeondoka, miezi mitano haijaisha, mmeajiriwa wawili! Kwa hiyo nafasi ilikuwepo siku zote, ila mgongo wangu ulikuwa umeikalia. Nimemaliza. Sijamaliza, lakini tuendelee.

Niliingia pale na kidato cha nne changu na aproni. Mwenye cheti cha fiziotherapia alikuwa Bwana Apolinari, mwembamba, mpole, suruali yake imefungwa mkanda hadi tundu la mwisho. Yeye alikuwa mtaalamu, mimi msaidizi. Siku ya kwanza alinionyesha vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea, kitanda cha mbao, stoo ya magongo, akaniambia, "Kazi yenyewe ni rahisi. Mtu hawezi, wewe unakaa naye mpaka aweze. Usimfanyie."

Nikaitikia ndiyo, na wiki hiyo hiyo nikaanza kuwafanyia.

Kosa langu lilikuwa kwamba najua kukanda. Bibi yangu alikuwa akikanda wanawake waliojifungua kijijini upande wa Kaengesa, nami ndiye niliyembebea ndoo, kwa hiyo vidole vyangu vilijua kutafuta maumivu tangu nikiwa darasa la tatu. Mnaijua Juni ya huku kwetu juu. Upepo unapita kwenye sweta kama sweta ni chandarua. Sasa mzee ametoka shambani, mgongo umekakamaa kwa kulima matuta, amekaa kwenye benchi la baridi tangu asubuhi, anaingia ndani anakuta birika linatoa mvuke, kuna kitambaa cha moto, kuna binti na mafuta ya alizeti. Wewe ungefanya mazoezi? Mimi mwenyewe ningelala.

Bwana Apolinari akanikuta. "Leokadia, weka kitambaa chini."

"Anaumwa bega, Bwana Apolinari."

"Anaumwa kwa sababu halitumii. Ukimkanda leo, kesho atarudi na bega lile lile, na shemeji yake."

Hakuja na shemeji peke yake. Alikuja na shemeji, mke, na jirani ambaye hakuwa anaumwa chochote, alisikia tu kuna maji ya moto. Mwezi haukupita nikawa na jina. "Yule sista mwenye mikono ya baraka." Nilijisikia malkia! Jamani, mtu asiwasifie mikono. Akikusifu akili, sawa. Akikusifu mikono, ujue anataka kuichukua.

Nitawapa machache ya kazi, maana najua mtayauliza. Kitanda kile ni kifupi, kiinueni kwa matofali mawili kila mguu, msiiname siku nzima kama mnapalilia. Mgonjwa anayejifunza kutembea mfungeni kitenge kiunoni, mshike kitenge, msimshike mkono. Akiyumba utamvuta bila kuungana naye sakafuni. Mimi niliungana na wengi.

Na kabla hujamwambia ndugu amshike mgonjwa, muulize ni nani wake. Mimi sikuuliza. Kuna mzee alipooza upande mmoja, amesindikizwa na mwanamke kijana, nikasema kwa sauti ya kidokta, "Mama, mkumbatie kiunoni, kwa nguvu." Yule mwanamke akatazama mlango. Mzee akatazama dari. Nikarudia, nikidhani hawasikii. Mzee akasema taratibu, "Mwanangu, huyu ni mke wa mwanangu." Mkwe! Nilikuwa namwamuru mkwe amkumbatie baba mkwe mbele ya watu wanane. Mwanamke alitoka nje akakaa chini ya dirisha, akatuma ujumbe kwamba atarudi tukimaliza. Bwana Apolinari alicheka mpaka akashika vyuma.

Lingine: zoezi lisilofanana na kazi ya mtu halifanywi. Nilimwambia mvuvi mmoja wa Kabwe, bega limegoma kwa kuvuta nyavu, apandishe vidole ukutani mara ishirini kila asubuhi. Akaniuliza, "Mimi buibui?" Hakupandisha hata kimoja. Bwana Apolinari akamwambia atundike wavu juu kwenye boriti na aushone akiwa amesimama. Baada ya mwezi alirudi anapunga mkono kutoka getini. Wavu nao ulikuwa umepona. Na akina mama wenye magoti usiwaambie "kunja, nyoosha". Waambie wakipepeta ulezi, kila ungo mmoja, kaa, simama. Hapo watakuelewa.

Sasa jambo moja ambalo nililiona na nikalicheka, na mpaka leo linanichoma. Kila siku baada ya chakula Bwana Apolinari alikuwa anaingia stoo ya magongo na kufunga mlango. Nilidhani anasali. Siku moja nikafungua kutafuta fremu ya kutembelea, nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ametazama ukuta.

"Unafanya nini, Bwana Apolinari?"

"Nakaa tu, ili mchana nisimchukie mtu."

Nikawahadithia wenzangu wa wodini, tukacheka sana. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilidhani kuwachukia wagonjwa ni tabia ya watu wabaya, kumbe ni kama kikohozi, humpata yeyote anayekaa kwenye vumbi muda mrefu.

Baadaye akahamishwa mkoa mwingine. Mbadala wake, nikaambiwa, yuko njiani. Mpaka naondoka, miaka zaidi ya miwili, hajafika, sijui alikuwa anatembea kwa magoti kutoka wapi. Katika muda huo nikaolewa, nikamzaa Oliva, nikarudi kazini na maziwa yanavuja kwenye aproni, na chumba kizima ni mimi na birika. Mume wangu ni dereva wa lori la mahindi, anakuja na kuondoka. Oliva nilikuwa namwacha kwa mama yangu, tunaishi naye.

Vidole gumba ndivyo vilitangulia. Nikashindwa kukamua nepi, nikashindwa kufunga zipu. Oliva nilikuwa namnyanyua kwa viwiko, kama mtu anayebeba kuni. Nikajifunga kitambaa, nikaendelea kukanda. Halafu ikafuata ile nyingine isiyofungwa kitambaa. Nikawa siwatazami wagonjwa usoni. Nilikuwa najua magoti yote ya mji wa Sumbawanga, ila mwenye goti akinisalimia sokoni simjui.

Jioni moja nikarudi nyumbani. Oliva alikuwa na miezi kumi, amesimama kwa kushika kiti, akaniona, akanyoosha mikono miwili, akaanza kulia kwa hamu. Mimi nikiwa navua viatu, bila kumtazama, nikamwambia, "Subiri zamu yako."

Mama alikuwa anachambua maharage. Akaacha.

"Umemwambia nani?"

  Mama akamchukua Oliva akaenda naye jikoni, na Oliva akanyamaza. Begani kwa bibi yake, hakugeuka kunitafuta. Wadogo zangu, nimeshaona miguu iliyosagika, nimeona mifupa, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ule mgongo mdogo ukienda jikoni. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja na nilikuwa nampoteza.

Mngedhani kesho yake niliacha kazi. Kesho yake niliwahi foleni.

Basi ndiyo nimfikie Babu Kasiano. Babu huyu alikuwa anatoka Laela kila Alhamisi na basi la asubuhi, na mkewe, Bibi Editha. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mdomo hakikuugusa, na ninadhani kiliogopa. Kwa kuwa ananiita mjukuu, basi kwa utani wetu wa babu na mjukuu mimi ni mke wake mdogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Maji yamechemka?"

Analala kitandani kama chifu, ananyoosha mguu. Nakanda paja, nakanda shavu la mguu, nakanda kisigino. Nikimwambia tusimame, anapiga hatua tatu kwenye vyuma, anasema moyo unakimbia, anarudi kulala. Miezi sita, hatua tatu.

"Nyumbani anafanya mazoezi, bibi?"

"Anafanya," Bibi Editha anajibu. "Zoezi lake ni kunituma."

Jumatano moja akaja mama kutoka Laela na mtoto aliyetolewa hogo, ile plasta ya mfupa uliovunjika, mkononi. Tukawa tunaongea za huko, akasema, "Na yule mzee Kasiano tumemzika Jumamosi." Nikasema pole sana, poleni. Midomo ilisema hivyo. Ndani yangu kitu kikaruka kwa furaha. Kesho Alhamisi nitakaa! Nusu saa nzima, nitakaa kwenye kiti! Nikachukua kadi yake nikaandika "Amefariki", nikapiga mstari kwa rula. Fremu yake ya kutembelea, ambayo tulikuwa tunamtunzia stoo, nikampa mama mmoja wa nyonga ambaye alikuwa anaisubiri muda mrefu. Mchana nikaingia stoo, nikageuza ndoo, nikakaa, na nikagundua kwamba natabasamu. Mtu amekufa, mtu ambaye ananiita mke wake, nami natabasamu kwa sababu ya kiti.

Nililala vibaya, nitawaacha hapo.

Alhamisi saa nne mlango ukafunguliwa, akaingia Babu Kasiano na koti lake la baridi, ameshikwa na Bibi Editha.

Nikaangusha birika. Tupu, namshukuru Mungu.

"Mbona hunisalimii, mke wangu?"

"Babu... walisema umekufa."

"Aliyekufa ni Kasiano binamu yangu, wa pale stendi. Kwetu jina la babu hurithiwa, tulikuwa Kasiano watatu, tumebaki wawili. Mimi hata mafua sina. Fremu yangu iko wapi?"

"Nimemgawia mtu."

Bibi Editha akakaa kwenye benchi akacheka huku anajipiga mapaja. "Sikia hiyo, mzee! Hata arobaini haijafika, mali zako zimeshagawanywa!"

Babu akaona kadi mezani. Akaisoma kwa mbali, macho yake mazima. "Amefariki," akasema. "Una mwandiko mzuri." Watu wa foleni waliochungulia mlangoni wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, ile ya kujiokoa. Kisha akaninyooshea kidole, bado anatabasamu.

"Sasa niambie ukweli, mke wangu. Uliposikia, ulilia?"

Ningesema nililia. Ingekuwa rahisi, na yeye ndicho alichotaka, utani uishe vizuri. Lakini nilikuwa nimeshachoka hata kusema uongo.

"Sikulia, babu. Nilifurahi. Nilisema leo nitakaa chini."

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Msidhani babu aliniwekea mkono kichwani akanipa hekima. Alikasirika. 

"Miguu yangu imekuchosha kiasi cha kunitakia kaburi?"

"Si miguu yako, babu. Ni vidole vyangu. Havikunji. Mtoto wangu namnyanyua kwa viwiko, na nikifika nyumbani sina hata neno la kumpa. Nimeyamaliza yote hapa." Nikamwonyesha vidole gumba, vimevimba kama viazi mviringo.

Akavitazama, akageuza uso. "Leo hunigusi," akasema. "Editha! Njoo unishike wewe. Huyu anataka kunizika."

"Mimi sijui kukushika, mzee."

"Atakuambia. Mdomo wake si mzima?"

Nikaweka mikono kwenye mifuko ya aproni, kwa sababu vinginevyo ingeenda yenyewe. Nikamwambia Bibi Editha funga kitenge hapa, simama upande huu, mguu wako nyuma ya mguu wake, usimvute, msubiri. Babu akashika vyuma. Hatua ya kwanza akamtukana Kasiano aliyekufa kwa kumchanganyia mambo. Ya pili akanitukana mimi. Ya tatu, pale anapoishia siku zote, akasimama anahema, Bibi Editha akanitazama, mimi sikusogea. Akapiga ya nne. Akafika ukutani. Akageuka, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, akarudi mpaka kitandani anatukana kwa Kifipa maneno ambayo bibi yangu hakunifundisha.

Nilimkanda miezi sita akapiga hatua tatu. Nikamuudhi dakika kumi akafika ukutani.

Sikujisifu, nililia pale pale, sasa ndiyo yakatoka. Bibi Editha akasema, "Haya, umelia, amepata alichotaka. Mzee, twende basi litatuacha." Babu hakuniaga. Alhamisi iliyofuata alikuja mapema, hakuuliza maji, akaniambia tu, "Mke wangu muuaji, ingiza mikono mfukoni tuanze."

Tangu siku ile mikono yangu ilikaa mfukoni. Kila mgonjwa na mtu wake. Mume akamfanyisha mkewe, dada akamfanyisha kaka, mkwe akakaa nje tukamwita mjukuu. Mimi nasimama katikati naongea. Chumba kikawa na kelele kama gulio, watu wanashindana nani kafika ukutani. Nilianza kuwaona nyuso tena. Wapo waliokasirika, na wakaenda kwa matroni.

"Leokadia," matroni akaniita, "wagonjwa wanalalamika huwakandi. Wanasema unaweka mikono mfukoni kama mkaguzi."

"Wanatembea?"

"Wanatembea, lakini wanalalamika."

"Mama, niletee mtu wa pili. Vidole vyangu vinahitaji kupumzika, na mimi nahitaji likizo. Mbadala wa Bwana Apolinari bado yuko njiani?"

"Unajua hali yetu. Kazi hii ni wito."

"Na Oliva je?" nikamuuliza. "Yeye hakuniita?"

Nilijua akinijibu vizuri nitabaki. Mniamini, niliipenda ile kazi, na kwa mtindo wa mifukoni ningeweza kuifanya mpaka nizeeke, kama mikono ingepewa muda wa kupona na mtu mwingine angekuwepo. Akapanga karatasi zake. Nikaandika barua siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nyie wawili, mnaoanza mkiwa wawili, fanyeni hivi: mmoja akiona ameanza kufurahi mgonjwa asipokuja, amwambie mwenzake mchana huo huo. Asisubiri afurahie msiba. Mwenzake asicheke. Amwambie nenda kakae, mimi nipo. Mimi nilipata nafasi ya kumwambia mwenzangu hivyo, nikaenda kumcheka na watu wa wodini.

Siku yangu ya mwisho mama aliniletea Oliva mchana, nikamfunga mgongoni. Vidole vilikuwa vimeanza kukubali kidogo, fundo la kanga nililifunga mwenyewe, mara ya tatu likashika. Tukatoka. Getini akanisimamisha mama mmoja wa makamo, ana kikapu cha kabichi, anashika bega.

"Sista mwenye mikono ya baraka! Nimekuwahi. Nikande hapa kidogo tu, mwanangu, dakika mbili, kabla hujaenda."

Mikono ilishaanza kwenda, wadogo zangu. Ilikuwa nusu ya safari. Oliva akanishika nywele kwa nyuma akavuta.

"Hapana, mama," nikasema.

Miaka tisa sikuwahi kulitamka lile neno ndani ya geti lile. Nikasubiri aanguke. Hakuanguka. Alihamisha kikapu mkono wa pili, akamtazama mtoto mgongoni, akasema, "Haya. Huyo mwanao ana baridi, mfunike miguu," akaenda zake.

Nikasimama pale pale, nikamfunika.